Upepo wa Tairi la Nyuma

Jumamosi saa mbili asubuhi Veneranda Kalinga alikuwa amelala chali kwenye kokoto za ua wa kituo cha polisi, kichwa chini ya pikipiki ya marehemu, akitafuta kitu ambacho mtu mwingine alilipwa mshahara kukitafuta na hakukitafuta.

"Afande, nikuletee gunia?" aliuliza Konstebo Ezekia.

"Gunia ungeleta kabla sijalala. Niwashie tochi. Huku, si usoni kwangu."

Ripoti ya ajali ilikuwa na mistari minne. Dereva, Anyitike, miaka thelathini na mmoja, alikuwa ametoka Ilula na matenga matatu ya nyanya akiteremka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni. Tairi la nyuma likaisha upepo ghafla kwenye kona. Akaanguka, lori lililokuwa nyuma yake likampitia. Chanzo: valvu ya tyubu imekatwa na kitu chenye makali. Huo mstari wa nne ndio uliogeuza ajali kuwa mauaji, na aliyeuandika alikwenda zake kunywa chai.

Kufikia jioni ya siku ile bodaboda wa Ilula walikuwa wameshampata muuaji. Mzee Gideoni, fundi pancha, ndiye aliyeshika tairi hilo mara ya mwisho. Ana kisu. Na jioni ya kuamkia ajali alimwambia Anyitike mbele ya watu kumi na wawili, "Utakufa wewe na hilo tairi." Wakachoma kibanda chake, kompresa ikiwa ndani, na wangemchoma naye kama polisi wasingefika. Sasa alikuwa mahabusu. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa mauaji, kesi isiyo na dhamana, na Veneranda katika miaka ishirini na miwili ya kazi alikuwa ameona wazee wa umri wake wakiingia rumande wanatembea na kutoka wamebebwa. Mkuu wake wa Iringa alimpa siku mbili za kulikagua jalada. Alimpa kama mtu anayetoa sadaka.

Alijivuta kutoka chini ya pikipiki, akakaa na kufungua bahasha ya vielelezo. Akatoa tyubu, akaishika mahali valvu ilipokuwa imechomoka.

"Sema unachoona," alimwambia Ezekia.

"Imekatwa."

"Hiyo umesoma. Mimi nimekuuliza unachoona."

Ezekia akaisogeza tyubu karibu. "Ukingo umechanika, afande. Una menomeno."

"Kisu hakiachi menomeno. Haya, tazama ndani ya rimu."

Ndani ya rimu, pande zote mbili ambako tairi hukaa, kulikuwa na mchirizi mweusi wa mpira uliosagika, umezunguka karibu robo ya gurudumu. Veneranda akaupitishia kidole kilichovaa glavu. Kikatoka na unga.

"Tairi lenye upepo wa kutosha linaibana rimu," alisema, "vinazunguka pamoja. Likiwa na upepo mdogo, ukapakia mzigo wa matenga matatu, ukakanyaga breki mteremkoni, rimu inashikwa na breki, tairi linateleza juu yake. Tyubu inalifuata tairi. Valvu imebaki kwenye tundu lake, haina pa kwenda. Inang'olewa."

"Kwa hiyo hakuna kisu."

"Hakuna kisu na hakukuwa na kisu. Kuna upepo uliotoka. Nataka kujua ulitokaje na nani aliutoa. Kamlete mzee. Na yule Saulo aje na pikipiki yake."

Gideoni alitolewa mahabusu bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mikono mipana, vifundo vya vidole vimevimba kwa kazi ya spana.

"Kamwene, mzee," alisema Veneranda. Walikuwa Wahehe wote wawili.

"Kamwene, mama."

"Jioni ile ulijaza upepo tairi la Anyitike?"

"Nilijaza."

"Ulipima na nini?"

"Na spana. Unaligonga tairi. Likilia kavu limejaa, likilia bubu bado. Geji yangu ilikufa mwaka juzi."

"Lililia vipi?"

"Kavu."

"Na kwa nini ulimwambia atakufa?"

"Kwa sababu alikuwa anaenda kufa," alisema mzee. Ezekia akaacha kuandika. "Hiyo keria, mama. Wamechomelea vyuma huku na huku ili ibebe matenga, wakakata na stendi ya kati, mpaka valvu haionekani. Nikamwambia akate chuma kimoja tu, mkono upite, awe anapima upepo kila asubuhi. Akasema nina wivu na mashine za watu. Mbele ya vijana. Mimi nimemzidi baba yake umri. Nikamwambia, basi utakufa wewe na hilo tairi. Na yeye akaapa hatasimama tena kwangu hata abaki na rimu tupu."

Veneranda alikuwa amesoma maelezo ya mashahidi wote kumi na wawili. Wote waliishia kwenye "utakufa". Hakuna hata mmoja aliyeandikwa akitaja chuma wala kiapo. Alijisikia kuchoka, na ilikuwa bado asubuhi.

Saulo aliingia uani akisukuma pikipiki yake, uso umenuna. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na kwa jinsi alivyokuwa hamtazami mzee usoni, huenda alikuwa pia mmoja wa wale waliochoma kibanda. Keria yake na ya Anyitike zilichomelewa na fundi mmoja siku moja. Vyuma vilevile, nafasi zilezile.

"Mzee, mtolee Saulo upepo kwenye tairi la nyuma," alisema Veneranda.

Gideoni akachuchumaa, akaingiza mkono kati ya keria na gurudumu. Ukakwama kwenye vifundo. Akageuza kiganja, akajaribu kutokea chini, upande wa cheni. Ukakwama tena.

"Sasa ulikuwa unajazaje?"

"Kwa bomba. Nililipinda mwenyewe, la shaba, mbele lina mpira. Unalizungusha nyuma ya chuma mpaka linaishika valvu. Lakini linaingiza tu, mama. Kutoa halitoi. Kutoa ni lazima kidole kifike, kibonyeze kile kipini cha ndani."

"Ezekia, jaribu kwa kijiti."

Ezekia akajaribu kwa kijiti, kisha kwa msumari, kisha kwa spoki ya baiskeli iliyopinda. Chuma cha keria kilikuwa kimesimama sawasawa mbele ya mdomo wa valvu. Kila kitu kiliishia pale.

"Inawezekana mzee hakujaza kabisa," Ezekia alisema. "Akagonga spana kutuzuga."

"Saulo," alisema Veneranda bila kugeuka. "Jioni ile marehemu alikwenda nyumbani na nani?"

"Alinipakia mimi. Yangu ilikuwa imekata cheni."

"Tairi la nyuma lilikuwaje?"

Saulo akajikuna shingo. "Lilikuwa jiwe. Kila tuta lilinipiga kiunoni."

"Hilo ulilisema kwenye maelezo yako?"

"Hamkuniuliza, afande."

Ni kweli hawakumuuliza. Hawakumuuliza mtu yeyote kitu ambacho kingeharibu jibu walilokuwa nalo. Veneranda akavua saa, akakunja mkono wa shati na kupiga goti. Mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko wa wanaume wote pale, lakini pikipiki ilikuwa imelalia stendi ya pembeni, na kwa kulala hivyo upenyo ulikuwa umezibwa na bati la kuzuia matope.

"Ishike wima. Sogeza mbele. Kidogo. Tena kidogo. Hapo, usiachie."

Vidole vikapita, vikajikunja nyuma ya chuma, ukucha ukaugusa mdomo wa valvu. Akabonyeza. Upepo ukatoka kwa mlio mwembamba. Alipochomoa mkono, ukingo wa keria ulimchana mgongo wa kiganja, mistari mitatu, damu ikatoka.

"Watu wawili," alisema akijifuta. "Mmoja anashika, mwingine mwenye mkono mdogo anatoa. Mzee, hukuwa wewe. Saulo, asubuhi ya ajali marehemu alitokea wapi?"

"Mashambani. Alfajiri alifuata nyanya kule ndani, njia ya vumbi. Saa tatu katoka na matenga, akapigiwa simu azipeleke Ruaha moja kwa moja. Akapita pale kijiweni."

"Hakusimama kwa mzee?"

"Aligeuza uso upande mwingine." Saulo akamtazama Gideoni kwa mara ya kwanza. "Siku zote akitoka shambani anasimama kujaza. Na mwenye lile bomba Ilula nzima ni mzee peke yake."

"Anajaza nini, kama limejazwa jana yake?"

"Sijui. Yeye alitokea Chunya, na watu wa Chunya wana mambo yao."

Gideoni alikuwa amekaa chini kwenye kokoto. "Angesimama ningemjazia," alisema. "Ningemnunia, lakini ningemjazia."

Veneranda akamwambia Ezekia amrudishe ndani, kwa sababu karatasi ilikuwa bado inasema mauaji, na karatasi haifutwi kwa mkono uliokwaruzika. Alihitaji maelezo ya mtu mmoja zaidi. Alijua wa nani, na alitamani angekuwa wa mtu mwingine.

Jumapili saa saba mchana alishuka Uyole, Mbeya, nyumbani kwao marehemu, akauliza nyumba ya msiba, akaoneshwa. Anyitike alikuwa amezikwa Alhamisi. Turubai lilikuwa bado limefungwa uani na masufuria ya kuazima yalikuwa hayajarudishwa. Rabson, kaka mkubwa wa marehemu, alimpokea kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyekuwa anapiga simu Iringa kila asubuhi kuuliza mzee atanyongwa lini.

"Tunashukuru kwa kazi, afande. Jumatatu tunakuja ukoo mzima."

"Nataka kuongea na mjane."

"Ongea. Lakini nitakuwepo. Mjane wetu haongei na mgeni peke yake."

Veneranda alijua angeweza kukataa. Alijua pia kwamba akikataa, mjane huyo, Bupe, ndiye atakayeulizwa baadaye alificha nini. Akamwacha asimame mlangoni.

Bupe alikuwa kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani, mtoto wa miezi saba amelala mapajani. Mkubwa, Tusajigwe, wa miaka minne, alikuwa nje na watoto wenzake. Bupe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini.

"Pole sana, mama Tusa."

"Asante, mama. Tumeshapoa."

Veneranda akakaa naye mkekani, akafungua daftari. Mgongo wa kiganja cha kulia cha Bupe ulikuwa na mistari miwili iliyoanza kukauka, na chini yake mingine ya zamani, myeupe, mingi. Kabla Veneranda hajauliza chochote, Bupe aliuona mkono wake.

"Keria," alisema, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. "Imekuchana na wewe."

"Imenichana. Wewe ulikuwa unafanya nini kule?"

"Namtolea upepo. Mkono wake haupiti."

"Nieleze vizuri, niandike."

Akaeleza bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesimulia kazi za nyumbani. Chunya, Anyitike alikuwa anapeleka wachimbaji machimboni. Kiangazi vumbi la kule linafika hapa, akaonesha juu ya kifundo cha mguu, na tairi gumu linazama, pikipiki inaanguka. Kwa hiyo unatoa upepo mpaka ukibonyeza kwa dole gumba tairi linakubali. Ukirudi kwenye njia nzuri unajaza. Kule kila mtu anafanya hivyo. Walipohamia Ilula, miezi minne iliyopita, aliendelea kumtolea kila anapokwenda mashambani.

"Na asubuhi ya ajali?"

"Alisema anafuata nyanya, njia ya vumbi. Akaishika pikipiki wima, mimi nikaingiza mkono. Nilikuwa nimembeba huyu mgongoni. Nikatoa mpaka dole likabonyea. Akaniambia ndaga, akaondoka."

"Ndaga niandike asante?"

"Asante, ndiyo. Si mtu wa kusema sana, ila hilo alikuwa anasema."

Veneranda aliandika mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akafanya kile ambacho kanuni inataka, maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya aliyeyatoa. Alisoma taratibu. Alipofika kwenye dole gumba Rabson aliacha kuegemea mlango. Alipomaliza, akataja matenga matatu na lami ya Kitonga, Bupe aliinua mkono.

"Mama. Valvu si ilikatwa na kisu?"

"Haikukatwa. Iling'oka. Upepo ulikuwa mdogo, mzigo mkubwa, na ni mteremko wa lami."

Bupe akamtazama mtoto, akamtazama Veneranda tena. "Kwa hiyo yule mzee wa watu hana kosa."

"Hana. Kesho anatoka."

"Basi ni mimi."

"Umejisikia mwenyewe," alisema Rabson kutoka mlangoni. "Sisi tunazunguka kutafuta muuaji, kumbe tunampikia uji."

"Nyamaza," Veneranda alimwambia. "Mdogo wako alijua. Aliishika pikipiki kwa mikono yake. Alitakiwa ajaze akifika lami, na alipita mbele ya fundi akageuza uso kwa sababu walitupiana maneno jana yake. Sheria haina la kumfanya huyu mama. Ni ajali, na kama kuna uzembe ni wa marehemu."

"Unamsingizia maiti ndani ya nyumba ya baba yake? Miaka sita anaendesha, eti kajiua kwa kununa? Mwanamke katoa upepo, mwanaume kafa. Hilo hata mtoto anaelewa." Akatoka. Walimsikia uani akiwaita wajomba, na turubai lote likanyamaza kumsikiliza.

Bupe akaweka kidole kwenye daftari. "Soma tena pale alipoishika."

Veneranda akasoma.

"Futa hapo. Andika nilikuwa peke yangu. Andika yeye alikuwa ndani anakunywa chai, hakujua."

"Si kweli. Na haiwezekani. Nimejaribu, ni kazi ya watu wawili."

"Unajua wewe. Hawa hawajui." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wanangu wataishi kwa jina la baba yao, mama. Wakisema baba yao alikufa kwa kiburi, watakuwa wanacheka kila wakiwaona. Wakisema ni mimi, nitaondoka na maneno yao. Mzee si atatoka hata hivyo?"

"Atatoka."

"Basi futa."

Veneranda aliona hasira inampanda mpaka kwenye meno, na hakukuwa na mtu sahihi wa kumtolea. "Maelezo ya polisi hayafutwi," alisema. "Yanakatwa kwa mstari mmoja, na aliyeyatoa anatia sahihi pembeni."

"Kata."

Akakata. Mstari mmoja, mwembamba kadiri alivyoweza, juu ya maneno *aliishika pikipiki wima*, na mwingine juu ya ile asante. Bupe akatia sahihi kwa mkono uliokwaruzika, herufi kubwa, za mtu aliyeishia darasa la saba. Chini yake Veneranda akaandika mwenyewe kile alichokibaini Jumamosi kwenye ua wa kituo, akatia sahihi yake na namba yake ya kazi. Wa kukisoma atakisoma. Hakutegemea wengi.

Nje Rabson alikuwa anamalizia. Watoto wa Anyitike wanabaki kwao Anyitike, wote wawili. Mjane akusanye nguo zake.

"Ananyonya huyu," alisema Veneranda. "Hawawezi kumbakiza mtoto wa kunyonya. Kesho asubuhi nakupeleka ustawi wa jamii."

"Kesho, mama. Leo nalala wapi?" Bupe alianza kulegeza kitenge. Hakuwa analia. "Gari la mwisho la kwetu Chunya linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Akaitazama saa kwenye mkono wa Veneranda. Ilikuwa saa tisa na robo. Akamwamsha mtoto, akamgeuza.

"Basi nitamnyonyesha mara mbili kabla sijamwacha," alisema.